Utusamehe deni zetu

Kwetu Baba Yetu husaliwa kwa namna mbili kwa wakati mmoja. Mama yangu, ninayeishi naye hapa Kirumba, Mwanza, tangu baba afariki, ni Mkatoliki wa kuzaliwa. Mimi niliolewa upande wa Waprotestanti, nikafuata kanisa la mume wangu, na watoto wamekulia huko. Usiku tukisali sebuleni tunaanza kupishana mapema: mama anasema ufalme wako "ufike", sisi tunasema "uje", na hakuna anayejali. Tukishavuka mkate wa kila siku, njia zinaachana kabisa. Mama anasema, "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea." Watoto na baba yao wanasema, "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu."

Kwa miaka mitano, kuanzia 2016 hadi 2021, mimi sehemu hiyo nilikuwa nahamia kwa mama. Kosa linaweza kukaa moyoni bila umbo. Deni lina tarakimu, na langu nilikuwa nalijua hadi shilingi ya mwisho: 3,850,000.

Mdaiwa wangu sitamtaja. Tuliimba naye kwaya, benchi moja, sauti moja. Wanangu walimwita mama mdogo. Na wote wawili tulikuwa tukiuza dagaa pale Mwaloni, kwenye soko ambalo asubuhi unakuta magunia yamepangwa kama ukuta na wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi wakizunguka na daftari zao.

Kwa asiyeijua biashara hii, niseme kidogo. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, kwa kuwavuta na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na sola. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanapumzika na kushona nyavu. Kwa hiyo hela yetu inakwenda na mwezi: giza likiingia, mchuuzi inabidi awe kisiwani na pesa mkononi. Dagaa wakishushwa asubuhi huanikwa, juu ya chanja kwa wenye uwezo, mchangani kwa walio wengi, na jua likiwa kali siku moja inatosha. Mvua ikiwapata kabla hawajakauka, umekwisha. Wanabadilika rangi, wanatoa harufu, na bei inashuka mpaka ya chakula cha kuku.

Si kila mtu anaweza kuacha watoto akakae kisiwani wiki mbili. Mmoja huenda na hela za wenzake, na wenzake hubaki mjini kupokea mzigo. Hakuna mkataba. Kuna jina la mtu tu. Mama yangu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na kanuni moja: gunia halinunuliwi kwa macho. Ingiza mkono hadi chini kabisa, maana juu wanaweka wazuri waliokauka na chini wanaficha mchanga na wabichi. Kwa magunia nilimsikiliza. Kwa mwenzangu niliona hakuna haja.

Machi 2016 nilimpa zile milioni tatu na laki nane na nusu, aende nazo kisiwani Ukerewe. Milioni mbili kati ya hizo zilikuwa mkopo wa vikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Siku ya tisa alipiga simu akilia: mvua imepiga mzigo wote, amewauzia watu wa chakula cha kuku, na kilichopatikana kimeishia kwenye nauli na chakula cha kambini. Nililia naye. Nilimpa pole! Nilimwambia arudi tu, hela hutafutwa.

Mwezi uliofuata mnunuzi mmoja kutoka Kongo, mteja wetu wa siku nyingi, akaniuliza mbona mzigo mzuri kama ule wa juzi hatumletei tena. Mzigo gani? Ule alioletewa na mwenzangu. Mkavu, mweupe, hauna mchanga. Alinitajia na idadi ya magunia.

Nilikaa chini palepale, juu ya gunia la mtu.

Yaliyofuata nayapitia haraka. Niliuza cherehani na kiwanja cha Kisesa ili nimalize marejesho, kwa sababu kikundi hakijui habari za mvua. Mtoto wangu wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa ada mara mbili muhula ule. Mume wangu hakunilaumu hata siku moja, na ningependa aijue shukrani yangu hapa, maana mdomoni sikuwahi kumwambia.

Ninachotaka kukaa nacho ni siku ile ya kupatanishwa.

Habari zilifika kwa wazee wa kanisa, na wiki ya tatu tuliitwa wote wawili baada ya ibada. Tulikaa kwenye viti vya plastiki, mimi huku, yeye kule, wazee watano katikati. Nilikuwa nimekuja na daftari langu. Mzee mmoja, ambaye hadi leo namheshimu, aliliona nimelipakata akasema kwa upole, "Mama, hilo liweke chini. Hapa hatukuja kwa mambo ya hela. Yaliyopita si ndwele." Wakasoma Mathayo 18, pale Petro anapouliza ndugu yake amkose mara ngapi naye amsamehe, hata mara saba? Wakafika kwenye saba mara sabini, wakafunga Biblia. Tukaambiwa tusimame, tushikane mikono, tukumbatiane. Kina mama wa kwaya waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga vigelegele.

Katika kikao kile hakuna aliyemuuliza kitu. Hakuulizwa kama alichukua. Hakuulizwa kama ilinyesha. Nilipotoka mlangoni mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimetamka "nimekusamehe" mbele ya madhabahu na mkono wangu ulikuwa wa baridi kama samaki.

Sijawahi kugombana na wazee wale. Lakini leo, nikiwa na miaka kumi ya kuyatafakari, nasema wazi: hatukusoma vya kutosha. Tungerudi nyuma mistari sita tu tungekuta mstari wa 15, Yesu anasema ndugu yako akikukosa enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili, ili kila neno lithibitike. Swali la Petro linakuja baada ya hapo. Na katika Luka 17 maneno yamekaa kwa mpangilio huohuo: akikosa, mwonye, akitubu, msamehe. Sisi tuliruka kuonya tukaenda kwenye kukumbatiana.

Na tungesonga mbele mistari miwili tungekuta mfano wenyewe. Nilikuja kuusoma upya usiku mmoja wa 2021, umeme umekatika, kwa tochi ya simu, na neno moja likanishika. Ufalme wa mbinguni umefanana na mfalme aliyetaka "kufanya hesabu" na watumwa wake. Hesabu! Mfalme anayesamehe ndiye huyohuyo aliyefungua daftari kwanza. Hakusamehe deni asilolijua. Kiasi kimetajwa, mtu ameletwa, amesimama mbele ya tarakimu yake, ndipo huruma ikaja.

Halafu kuna lile deni dogo, dinari mia, ambalo yule aliyesamehewa na mfalme alitoka akamdai mtumwa mwenzake, na ambalo wahubiri wetu wengi hulisema kama vile ni senti za peremende. Siyo. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, ndivyo Mathayo 20 inavyoonyesha kwa wale wa shamba la mizabibu. Ukimlipa kibarua wetu wa mwaloni elfu kumi kwa siku, dinari mia ni milioni moja. Ni zaidi ya miezi mitatu ya kubeba magunia. Yule mtumwa alikuwa anadai hela ya kweli, na Yesu hakusema hakuidai. Kinachotisha ni upande wa pili, lile deni alilosamehewa yeye: talanta elfu kumi. Talanta moja ilikuwa kama dinari elfu sita, kwa hiyo talanta elfu kumi ni dinari milioni sitini. Kwa kibarua yuleyule wa elfu kumi, ni shilingi bilioni mia sita. Niliipiga hesabu hiyo kwenye simu mara mbili nikidhani nimekosea sifuri.

Usiku ule nikafanya ambalo sikuwahi kufanya tangu 2016. Nilichukua lile daftari, nikaanza kuandika kila kitu, bila kupunguza na bila kuongeza. Hela. Riba ya vikoba. Kiwanja. Siku ambazo mtoto hakwenda shule. Kwamba wanangu walimpoteza mama mdogo. Kwamba nilipoteza kuimba, kwa sababu niliacha kwaya. Nilijaza kurasa mbili na nusu, na nilipomaliza niliona ahueni ya ajabu. Kumbe miaka yote nilikuwa nabeba kitu nisichojua uzito wake.

Kisha, kwa kuwa mkono ulikuwa tayari unaandika, nikageuza ukurasa.

Hapa ndipo pagumu kwangu. Katika mwaka ule wa kwanza mama mmoja wa sokoni aliniuliza kwa nini biashara yangu imekufa ghafla wakati ya mwenzangu inachanua. Akasema kwa sauti ya chini, "Usikute amekufunga kwa uchawi." Mimi nilijua vizuri nilivyofilisika. Nilikuwa na idadi ya magunia. Ningeweza kusema hapana, ni wizi wa kawaida tu. Nikanyamaza. Nikashusha pumzi, nikatazama pembeni, na ukimya wangu ukawa jibu. Neno likatembea. Baada ya miezi michache watu walianza kumkwepa mama wa mwenzangu, bibi wa watu anayeishi peke yake, ambaye kosa lake lilikuwa kumzaa yeye.

Aliyekulia Kanda ya Ziwa haambiwi maana ya hilo. Tumezika bibi zetu waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa miaka hamsini jikoni. Mama yule hakuguswa, namshukuru Mungu, lakini si kwa sababu ya wema wangu. Mimi nilikuwa nimekaa mwaloni nikisubiri Bwana amlipie kisasi mwenzangu, na huku nimeshajilipia mwenyewe, kwa sarafu ya damu ya mtu mwingine.

Kurasa mbili na nusu upande mmoja. Upande wa pili mstari mmoja. Sikuweza kusema upi mzito.

Mama alinikuta mezani alfajiri. Yeye ana njia yake katika mambo haya. Mjomba wangu, kaka yake wa kumfuata, alikuwa ndani ya MV Bukoba ile Mei 21, 1996. Meli ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, ikapinduka ikiwa imeshakaribia kabisa bandari ya Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Wengi walizikwa pale Igoma, na mama hukosa vingine vyote lakini hakosi kwenda Igoma kila mwaka. Nilimuuliza alfajiri ile alimsamehe nani. Akasema hakuna aliyekuja kumwomba msamaha, wala hajui ilikuwa mkono wa nani ulioruhusu meli ing'oe nanga. "Mimi sikusubiri mtu. Nilimwambia Mungu majina anayajua yeye, nami nimeyaachia kwake. Ningesubiri, ningekuwa bado niko gatini." Kisha akaangalia daftari langu. Hajui sana kusoma mwandiko wa haraka, lakini aliona kurasa. "Wewe wako yuko hai, mwanangu. Na nauli ya Nansio unayo."

Mathayo 5 nayo ilikuwa inanisubiri: ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako. Yeye ana neno juu yako. Maisha yangu yote niliusoma mstari ule kana kwamba unasema mimi nina neno juu yake.

Nilipanda meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, siku ya Jumamosi. Nilimkuta kwenye mwalo mmoja mdogo, si mbali na mji, anaanika. Alikuwa amekonda. Alikuwa ameinama juu ya wavu mkuukuu uliotandikwa mchangani, anawageuza dagaa kwa viganja vyote viwili, anawainua na kuwaachia waanguke wametawanyika, upande wa tumbo uangalie jua. Aliponiona alisimama wima, mikono inang'aa magamba.

"Karibu, shoga," akasema. Sauti ilitoka kwa shida.

"Asante. Habari za siku?"

"Nzuri." Kisha: "Umekuja na polisi?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Nikamwambia habari ya ule ukimya, na ya mama yake, yote, na kwamba naomba anisamehe, na nikishatoka hapo nitakwenda kwa mama mwenyewe nipige magoti. Hakujibu. Aliinama akaendelea kugeuza. Aligeuza wavu wote, kutoka ncha hadi ncha, na mimi nimesimama na mkoba wangu kwenye jua la saa saba. Alipofika mwisho alisema bila kuinua uso, "Ile mvua haikunyesha."

"Najua."

"Sikuwahi kumwambia mtu."

Alikuwa na deni kwa tajiri mmoja mwenye mitumbwi, aliniambia, deni la mume wake, na akiba yangu ndiyo iliyokuwa mkononi siku ile. Sikujua niamini kiasi gani. Lakini alisema, kwa mdomo wake, "nilikuibia," neno ambalo kikao cha wazee watano hakikuliuliza. Nilimwambia nimeliandika deni lote na nimelifuta. Nilitoa zile kurasa nikampa. Alizikunja mara nne akazitia kifuani, ndani ya kanga, kisha akalia, nami nikalia. Hapakuwa na vigelegele vya mtu, ila kuku waliokuwa wakidonoa dagaa wetu na hakuna aliyewafukuza.

Nasimulia haya nikijua kuna anayesoma ambaye aliyemkosea hajui neno "nilikuibia" na hatalijua. Na kuna dada, nimeketi na wengi wa namna hii, anayeambiwa asamehe kwa maana ya kwamba arudi leo usiku kwenye nyumba anayopigwa. Dada, hiyo siyo. Papa Yohane Paulo II, ambaye mama yangu alisimama kwenye umati kumwona alipofika hapa Mwanza Septemba 1990, alipigwa risasi Mei 13, 1981. Siku nne baadaye, akiwa bado kitandani hospitalini, alitangaza kwamba amemsamehe aliyempiga. Desemba 1983 alimfuata gerezani Roma, wakakaa viti viwili wakizungumza. Alipoondoka, mlango wa gereza ulifungwa kama kawaida, na yule mtu aliendelea kukaa ndani Italia mpaka mwaka 2000. Papa hakuona kwamba msamaha wake unataka mahakama ifungwe. Dawati la Jinsia lipo pale polisi, na anayekwenda huko akiwa na uvimbe usoni hajatenda dhambi ya kutosamehe.

Hata kwangu imekuwa hivyo kwa kiwango kidogo. Mwaka uliofuata mwenzangu alinipigia akaniomba nimtangulizie mtaji wa giza moja, laki tano tu. Nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa upole, bila kumkumbusha lolote, lakini nilimwambia hapana na nikalala vizuri. Deni lilifutwa, ufunguo wa sanduku la hela ni jambo jingine, na nadhani Yusufu aliyewapima ndugu zake kwa nafaka na kikombe kabla ya kujitambulisha angenielewa.

Kitu ambacho sikukitarajia ni kwamba yeye analipa. Nilimwambia hanidai wala simdai, akasema kurasa ni za kwangu kufuta, ila usingizi ni wake. Hutuma kwenye simu elfu ishirini, elfu kumi na tano, miezi mingine hamna. Nilijaribu kuzirudisha, akanikasirikia kweli. Nilikumbuka Paulo alivyomwandikia Filemoni kuhusu Onesimo: kama amekudhulumu, au unamwia kitu, ukiandike hicho juu yangu, mimi nitalipa. Sasa hivi hela zake haziingii kwenye hesabu zangu. Zinakwenda kwa mama yake, chumvi, sabuni, dawa ya macho, nami ndiye ninayezipeleka. Bibi yule alinisikiliza siku ile nilipopiga magoti uani kwake, akaniuliza kama nimekula. Hatujawahi kurudi kwenye habari ile.

Kwaya sijarudi. Labda nitarudi. Usiku tukisali sasa nasema "deni" pamoja na watoto, mama anasema "makosa" pembeni yangu, na tunakutana tena kwenye amina.

Juma lililopita meli ya Nansio ilileta ndoo ya dagaa yenye jina langu, imefungwa kwa kanga kuukuu, na ujumbe kwenye simu kwamba ni ya watoto. Niliifungua jikoni. Nikaingiza mkono hadi chini kabisa. Kulikuwa na mchanga kidogo. Nikachukua ungo, nikapepeta, nikawakaanga na nyanya na vitunguu, na wanangu wakauliza nani kaleta.

"Mama mdogo," nikasema.